Namna ninavyotengeneza sumaku za friji zenye mlima, mto na wanyama wetu

Anza na picha, maana hapo ndipo sumaku nyingi za madukani zinapoharibika. Mimi natengenezea Moshi. Ukiutazama mlima Kilimanjaro kutoka kwetu, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi, chenye miamba iliyochongoka, kiko kulia. Ukikuta Mawenzi kushoto, ama picha imepigwa upande wa Kenya, Amboseli kwa mfano, ama kuna mtu ameigeuza kwenye kompyuta. Picha za tembo wa Amboseli ni nzuri kweli, ila usiziandike "Moshi". Mgeni aliyefika Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo, mita 5,895, anaujua mlima alioupanda, na mtoto aliyezaliwa Marangu anaujua zaidi. Twiga naye awe wa huku, mwenye mabaka ya kingo zilizochanika chanika. Yule wa mabaka yaliyonyooka, yenye mistari myeupe katikati, ni wa kaskazini mwa Kenya.

Kipimo changu ni sentimita 7 kwa 5, na udogo huo una masharti yake. Nyumbu mia wakivuka Mto Mara wanapendeza ukutani; kwenye sumaku wanageuka siafu. Kata picha, umbakize mmoja anayeruka kutoka ukingoni, na uache maji yenye povu yachukue nusu nzima ya chini. Mto ukibanwa kwenye kona unaonekana kama dimbwi.

Mbao naokota kwa fundi seremala, masalia ya mninga, anipasulie unene wa milimita 6. Piga msasa namba 120, malizia na 240, futa vumbi lote kwa kitambaa kikavu.

Chapisha picha kwa printa ya leza. Wino wa printa zinazotumia wino wa maji hutambaa ukigusana na gundi, na theluji ya Kibo inapata madoa ya bluu. Paka gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, laza picha, kisha isukume kwa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda pembeni mpaka viputo viishe. Iache usiku kucha kivulini, kwani jua la mchana hupinda mbao. Kesho yake paka vanishi mara tatu, kila tabaka likauke kwanza.

Sasa mgongo. Sumaku nyeusi za feriti ni nafuu lakini hazina nguvu sana. Zile za rangi ya fedha, za neodimi, hata ndogo hushika barabara. Toboa vishimo viwili vya milimita 10, kina cha milimita 2, uzizamishe humo kwa gundi ya kuchanganya ya mirija miwili. Zifute kwanza kwa spiriti, la sivyo gundi haishiki. Gundi ya moto ya bunduki achana nayo, hubanduka.

Zijaribu kabla ya kuuza: bana karatasi nne mlangoni mwa friji, ufunge mlango kwa nguvu. Kisha ivute kila sumaku kwa kucha. Ikicheza hata kidogo, rudia kuigundisha, kwa sababu mtoto akimeza neodimi mbili zinavutana tumboni na zinaweza kutoboa utumbo. Mteja mwenye mtoto anayetambaa namuuzia ya feriti, moja, kubwa, hata kama itabeba karatasi moja tu.