Anza na jani, kisha jino: namna ya kusoma visukuku vya Kretasi

Weka mezani trei mbili, moja ya majani yaliyogeuka jiwe na nyingine ya meno ya mamba wa kale, halafu waite watu. Mikono yote itakimbilia meno. Kazi yangu ni kusafisha na kupanga visukuku, kwa hiyo nimeshazoea. Siwalaumu: jino linang'aa, lina ncha, na linatisha kidogo. Lakini ukitaka kujua maisha yalivyokuwa katika Kretasi, kipindi kilichoanza miaka milioni 145 hivi iliyopita na kuisha miaka milioni 66 iliyopita, anza na jani. Mnyama hutembea, na akifa mtoni mzoga wake huelea mbali. Mti hukaa pale ulipoota, ukinyeshewa na kuunguzwa na jua la mahali hapo hapo.

Hata kabla ya jani, lakini, tazama jiwe lenyewe. Tope laini lililokauka kwa matabaka membamba ni dalili ya maji yaliyotulia, kama ziwa au kidimbwi cha pembeni mwa mto, na hapo jani zima lenye kikonyo chake huenda lilidondoka karibu. Mchanga wa chembe kubwa ni dalili ya mkondo wenye nguvu, hivyo gogo utakalolikuta humo linaweza kuwa limesafiri siku nyingi. Chavua ndiyo msafiri kuliko wote, maana hupeperushwa na upepo. Ukiliweka jani, gogo na chavua katika fungu moja bila kuuliza kila kimoja kimetoka umbali gani, utaunda msitu ambao haukuwahi kuwepo.

Sasa jani. Zima taa ya juu, weka taa moja ubavuni ili mwanga uje kwa mshazari. Mishipa ambayo hukuiona itajitokeza yenyewe. Usililoweshe ili lionekane vizuri. Mawe mengi ya tope hupasuka yakikauka tena. Tazama kwanza kama ni kangaga, mtapo (mmea wa mbegu unaofanana na mnazi mfupi), msonobari, au mmea utoao maua. Mwanzoni mwa Kretasi makangaga, mitapo, ginko (mti wenye majani kama kipepeo cha mkono) na misonobari ndio waliotawala. Mimea itoayo maua iliingia kama wageni wachache, na kufikia mwisho wa kipindi ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya nchi. Kwa hiyo uwiano wa makundi hayo tu unaanza kukudokeza umri wa tabaka.

Ukiwa na majani mapana ya miti itoayo maua, angalia ukingo. Kwenye joto, spishi nyingi huwa na ukingo laini. Kwenye baridi, nyingi huwa na ukingo wa msumeno. Wanabotania Bailey na Sinnott waliliona hilo kwa mimea ya leo mwaka 1915, na waliofuata wakaligeuza kuwa hesabu: kwa makadirio, kila asilimia 10 ya spishi zenye ukingo laini huongeza nyuzi 3 hivi za Selsiasi kwenye wastani wa joto la mwaka. Hesabu ni ya spishi, si ya vipande. Majani mia moja ya mti mmoja ni kura moja. Chini ya spishi 20 hivi mimi sitaji kiwango chochote cha joto, na hesabu hii usiipeleke kwa makangaga wala misonobari, haiwahusu.

Bahati ikikuangukia na ngozi ya jani imesalia, hadubini itakuonyesha stomata, vile vitundu vya kupumulia. Hewa ikijaa kaboni dioksidi, mmea hauhitaji vitundu vingi. Hesabu yake ina maana pale unapomlinganisha na ndugu aliye hai, na ndiyo maana ginko anapendwa sana: yupo Kretasi, yupo leo.

Mkaa watu huutupa wakidhani ni uchafu. Usiutupe. Mti ulioungua kabla ya kufukiwa huhifadhi seli zake kwa umbo kamili, bila kukandamizwa. Kusini mwa Uswidi, mtafiti Else Marie Friis na wenzake waliupitisha mchanga wa Kretasi kwenye chekecheo wakapata maua yaliyogeuka mkaa, mengine ya milimita chache tu, stameni, yaani sehemu za kiume za ua, zikiwa bado mahali pake. Mkaa pia ni ushahidi wa moto wa nyika, na Kretasi iliungua mara nyingi.

Mbao zilizogeuka jiwe zina pete za ukuaji wa kila mwaka. Kwenye kisiwa cha Alexander, Antarktika, kuna visiki vya miaka milioni 100 hivi vilivyosimama wima pale pale vilipoota. Pete zake zinaonyesha misimu ya ukuaji, yaani msitu mzima uliishi mahali ambapo jua hupotea wakati wa baridi. Baada ya hapo neno "ncha ya dunia" halikupi tena picha ya barafu peke yake.

Haya, meno. Jino la koni lenye michirizi ni la kushika samaki anayeteleza. Bapa lenye makali ya msumeno ni la kukata nyama. Lililosagika juu ni la mla mimea. Ligeuze uangalie chini. Mamba na dinosauri walibadilisha meno maisha yao yote, na jino linalodondoka hivyo halina mzizi, kwa kuwa mwili umeshauyeyusha. Jino lisilo na mzizi linakuambia mnyama alikuwa hai alipolipoteza, labda akila. Lenye mzizi kamili limetoka kwenye fuvu, yaani kulikuwa na mzoga. Kwa sababu hiyo hiyo usihesabu wanyama kwa meno: mmoja aliweza kuacha mamia.

Wala usitegemee kila mamba awe mamba unayemjua. Pakasuchus, aliyetangazwa mwaka 2010 kutoka bonde la Rukwa nchini Tanzania, alikuwa na ukubwa wa paka wa nyumbani, na meno ya nyuma yaliyokutana na kutafuna karibu kama ya mamalia. Ungemletea mtu taya lake bila maelezo angekutajia mnyama mwingine kabisa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni kuwatumia reptilia kama kipimajoto cha kukagua hesabu ya majani. Mamba, kasa na jamaa zao hutegemea joto la nje. Katika kisiwa cha Axel Heiberg, Kanada ya kaskazini kabisa, ilipatikana mifupa ya Champsosaurus, reptilia wa majini anayefanana na mamba mwenye pua ndefu. Timu ya mtafiti Tarduno ilieleza mwaka 1998 kwamba mnyama huyo asingeweza kuishi hapo kama wastani wa mwaka usingepita nyuzi 14. Sasa sogea hadi Alaska kaskazini, kando ya mto Colville, kwenye matabaka ya Prince Creek ya miaka milioni 70 hivi. Humo mna maelfu ya mifupa ya dinosauri, lakini mamba hakuna, kasa hakuna. Mimea ya huko inakubaliana na hilo: aina chache, misonobari inayopukutisha majani, wastani wa nyuzi 6 hivi. Mwaka 2021 ikaelezwa mifupa na meno ya vichanga vya dinosauri kutoka huko huko, kwa hiyo hawakuwa wapita njia wa kiangazi, walizaana hapo. Mimea, na kukosekana kwa reptilia wanaotegemea joto la nje, vinasema baridi, dinosauri wanaendelea na shughuli zao. Jibu linalobaki ni kwamba miili ya dinosauri hao ilijitengenezea joto kwa kiasi fulani. Kukosekana kwa mnyama ni ushahidi, mradi tu mahali penyewe pamechimbwa vya kutosha na mifupa midogo ya wengine imesalia.

Mara chache mmea na mnyama hukutana ndani ya jiwe moja. Mwaka 2011 mwendesha mashine katika mgodi wa Alberta, Kanada, aligonga Borealopelta, dinosauri mwenye deraya aliyekufa miaka milioni 110 hivi iliyopita. Alikuwa amezikwa baharini ingawa ni mnyama wa nchi kavu: lile onyo la mzoga unaoelea. Tumboni mlikuwa na fungu la chakula pamoja na mawe ya kusagia, kama ya kwenye firigisi. Uchunguzi uliotoka mwaka 2020 ulionyesha majani karibu yote ni ya kangaga, mtapo kidogo sana, msonobari alama tu, wakati msonobari ulikuwa mwingi kwenye nchi ile. Alikuwa akichagua. Vijiti alivyomeza vilikuwa na pete ya mwaka iliyofika nusu, hivyo alikufa kati ya mwisho wa majira ya kuchipua na katikati ya kiangazi. Kulikuwa na mkaa pia, asilimia 6 hivi: inaelekea alikuwa akila machipukizi kwenye eneo lililoungua si muda mrefu. Jani, pete na mkaa, vyote vitatu vya trei ile isiyopendwa, ndivyo vilivyosimulia mlo wa dinosauri.

Tumbo likikosekana, tafuta kinyesi kilichogeuka jiwe. India ya kati, kinyesi cha mwisho wa Kretasi kilichoelezwa mwaka 2005 kilikutwa na chembe za silika za nyasi (madini magumu yanayojengeka ndani ya mmea), wakati wengi walidhani nyasi zilikuja baada ya dinosauri kuondoka. Ila kinyesi hakina jina la mwenyewe. Kinahusishwa na titanosauri, dinosauri wakubwa wenye shingo ndefu, kwa kuwa mifupa yao iko jirani, na mimi huandika hivyo hivyo kwenye lebo: "jirani na", kamwe si "cha".

Kwenye kaharabu, ambayo ni utomvu uliogeuka jiwe, ongeza tahadhari. Fuvu dogo kutoka Myanmar, Oculudentavis, lilitangazwa mwaka 2020 kuwa la ndege. Lilikuwa na mdomo mrefu na jicho kubwa, nani angebisha? Makala ikaondolewa mwaka huo huo, na kielelezo cha pili kikathibitisha ni mjusi. Namna meno yalivyoshikamana na taya ilikuwa imeshasema si ndege. Kwa hiyo umbo la nje liandike kwa kalamu ya risasi, na jinsi meno yalivyokaa tayani kwa wino.