Kuzunguka kisiwa kwa pikipiki na kulala hemani

Kabla ya kufunga mzigo, amua utazunguka kwa upande gani. Wengi huiachia feri iwaamulie: wakishuka bandarini wanafuata barabara iliyo mbele yao. Mimi hulitanguliza jambo hili kuliko yote. Wanakoendesha kushoto, kama Japani, Sri Lanka na Jamaika, zunguka kwa kufuata mishale ya saa. Wanakoendesha kulia, kama Taiwan na Madagaska, zunguka kinyume chake. Hapo bahari inakuwa upande wako safari nzima, na ukiona ufuko wa kusimama unapinda tu, hukatizi mbele ya magari yanayokuja. Pikipiki yenye mzigo ni nzito kugeuza, na kukatiza barabara mara kumi kwa siku ni hatari isiyo na sababu.

Jambo la pili ni upepo. Kisiwa chenye milima huwa na pande mbili zisizofanana. Hewa yenye unyevu ikitoka baharini hupanda mlima, ikapoa, ikamwaga mvua upande ule ule unaopokea upepo. Upande wa pili hubaki mkavu. Uliza upepo wa msimu huo unatoka wapi, kisha upande wa mvua upite mchana na kambi zako nyingi ziwe upande uliokingwa.

Umbali nao unahadaa. Kwenye ramani kisiwa ni kidogo, lakini barabara ya pwani hufuata kila ghuba na kila rasi. Kilomita 150 kwa siku zinanitosha, na saa mbili kabla ya jua kuzama nimeshaanza kutafuta pa kulala. Jaza mafuta tangi likifika nusu, kwa sababu vituo huwa vingi karibu na bandari na vichache upande wa mbali. Acha pia siku moja ya akiba kabla ya feri ya kurudi. Bahari ikichafuka feri hazitoki, na mtu mwenye haraka ndiye anayeendesha vibaya.

Kwa kuwa utarudi pale pale ulipoanzia, mzigo usio wa lazima uache kwenye nyumba ya wageni karibu na bandari. Unaobeba, vizito vikae chini na kati ya magurudumu mawili: maji, spana, jiko. Hema na mfuko wa kulalia ni vyepesi, vikae juu ya kiti cha nyuma. Ongeza upepo wa tairi la nyuma kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza kwa mzigo, kisha usiku uangalie taa ya mbele. Nyuma ikilala, taa huinuka na kuwapofusha wanaokuja.

Kwenye feri, panda daraja la chuma la kuingilia polepole na kwa kunyooka, maana huwa imeloa na ina mafuta. Usiguse breki ya mbele ukiwa umepinda. Ndani weka gia ya kwanza, tumia stendi ya pembeni, kisha funga mikanda pande zote mbili mpaka shokapu za mbele zibonyee kidogo. Feri nyingi hazikubali galoni la petroli, wala mtungi wa gesi bila kutoa taarifa, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi.

Sasa kambi, na hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wasifanye haraka. Sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Yakijaa saa 2 usiku leo, kesho tarajia karibu saa 3 kasorobo au zaidi kidogo. Watu huangalia mstari wa mwani ulioachwa na maji, wakapiga hema juu yake wakidhani wamesalimika. Mstari huo unaaminika tu ukijua mwezi una umri gani. Siku za maji mafu, yaani maji madogo, bahari haifiki mbali. Kadiri mwezi mpevu au mwezi mwandamo unavyokaribia, bamvuo, yaani maji makubwa, huja na kuupita. Tafuta mstari wa zamani zaidi, wenye mwani uliokauka kabisa na vijiti vilivyopauka, halafu upande juu yake mpaka majani yanapoanzia. Usilale kwenye mkondo wa mto mkavu, wala chini ya mnazi wenye nazi au mti wenye tawi lililokufa. Ufuko unaotagwa na kasa uuache kabisa, kwa sababu taa na kelele huwafukuza. Kila ardhi ina mwenyewe, hata inayoonekana tupu: omba ruhusa kwanza.

Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Chukua mfuko mdogo wa nguo, ujaze mchanga, ufunge kamba ya hema shingoni pake, chimba shimo refu kama kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, uzike na ukanyage vizuri. Fanya hivyo pembe zote nne hata kama upepo unatoka upande mmoja, kwani upepo wa baharini wa mchana hugeuka usiku ukatoka nchi kavu. Chini ya stendi weka kipande cha ubao ili isizame. Pikipiki ielekeze pua kwenye upepo, na hema likae mbali kiasi kwamba ikianguka isilifikie. Usipike ndani ya hema hata mvua ikinyesha. Moshi wa jiko una gesi isiyo na harufu inayoua.

Kila jioni, kabla ya kula, shughulikia mnyororo. Chumvi huanza kazi usiku ule ule. Injini ikiwa imezimwa na mnyororo bado una joto, ufute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, ukauke, kisha tia oili upande wa ndani huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Weka vidole mbali na sproketi, lile gurudumu la meno linaloshika mnyororo. Pima ulegevu kufuata kitabu, usikaze zaidi.

Ukimaliza mzunguko, osha pikipiki siku hiyo hiyo kwa maji mengi ya mserereko, si ya presha, maana presha husukuma chumvi ndani ya beringi. Anza chini: uma wa nyuma, kalipa za breki, viungo vya nyaya, boliti za ekzosi. Endesha kidogo ikauke, halafu pakaa grisi kwenye egemeo la stendi na la mpini wa klachi.