Kupanda Kilimambogo na Kurudi Nairobi Siku Hiyo Hiyo

Ondoka mjini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Panda matatu ya Thika, ubadilishe hapo upate ya Donyo, mji mdogo ulio chini ya mlima huo, kisha boda mpaka lango la Hifadhi ya Taifa ya Ol Donyo Sabuk, jina lingine la Kilimambogo. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, si kwa pesa taslimu. Lipa ukiwa bado nyumbani, maana mtandao ukigoma pale langoni, asubuhi yote imeharibika.

Omba askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wa kuwasindikiza. Msituni kuna nyati, na ukungu huwaficha hadi mmewakaribia mno. Kaeni nyuma ya askari, msitawanyike kupiga picha.

Barabara ya kilomita 9 hivi inapanda mfululizo hadi mita 2,145. Kila mtu abebe lita 2 za maji. Kabla ya kilele kuna kaburi la William Northrup McMillan, yule ambaye Maktaba ya McMillan ya Nairobi ina jina lake, aliyefariki mwaka 1925. Alitaka azikwe juu kabisa, lakini gari lililobeba jeneza likashindwa na mlima. Wengi hurudi kutoka hapo bila kufika kileleni, hasara yao.

Kuteremka ndiko kunakoumiza magoti, kwa hiyo fupisha hatua. Viatu vya soli laini viache nyumbani: mvua ikinyesha, udongo ule huteleza vibaya.