Muulize mshauri wako kuhusu kipande kimoja tu

Kama umepangiwa mshauri kutoka sekta ya anga, achana na swali la "kazi yako ikoje?" Mwombe achague kipande kimoja cha ndege, kisha akutajie kila mtu anayekishika tangu kwenye mchoro hadi ndege iruke. Wangu alichagua bapa la turbini, lile linalozungushwa na gesi ya moto ndani ya injini ya jeti. Gesi hiyo huwa na joto kupita kiwango cha kuyeyusha metali ya bapa lenyewe, kwa hiyo yupo anayepiga hesabu za vitundu vya kupitishia hewa ya kupoza, yupo wa aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli, wa kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyushwa kwenye kalibu, wa kupiga eksirei kutafuta nyufa, na fundi anayechungulia injini kwa kamera nyembamba. Rubani hata hakutajwa! Mbinu hii inafaa kwa sababu vipande vya ndege husafiri na karatasi zake: nani katengeneza, nani kakagua, nani katia sahihi. Kila sahihi ni ajira.

Mbinu inagoma mshauri akiwa kwenye makombora au zana za kijeshi. Marekani, kwa mfano, ina ITAR, kanuni zinazobana utoaji wa taarifa za kiufundi za zana za kijeshi. Hapo uliza hatua na fani, si vipimo. Na kama yeye ni mtengenezaji wa programu za kompyuta, fuateni badiliko moja la msimbo, kuanzia ombi hadi idhini.