Geuza rekodi iwe mono kabla ya kuihifadhi kama MP3
Ukirekodi somo au mazungumzo kwa maikrofoni moja kwenye kompyuta ya nyumbani, igeuze rekodi iwe mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, kabla ya kuihifadhi kama MP3, aina ya faili la sauti lililobanwa, kisha uchague kasi ya biti (kiasi cha data kinachotumika kila sekunde) ya kilobiti 64 kwa sekunde. WAV, faili la sauti lisilobanwa, ya stereo (mikondo miwili, kushoto na kulia) yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 hula takriban megabaiti 10 kila dakika, ilhali MP3 ya namna hii haifiki hata nusu megabaiti. Saa nzima, ambayo ingezidi megabaiti 600, inabaki kama 29. Maikrofoni moja hutoa sauti ileile kushoto na kulia, kwa hiyo upande wa pili ni nakala tu ya ule wa kwanza. Hata hivyo, mono peke yake haipunguzi MP3 ikiwa kasi ya biti umeiacha palepale, kosa nililolirudia mwenyewe kwa muda mrefu. Njia hii haifai kwa muziki, ambao hupoteza upana wake, wala kwa faili ambalo tayari ni MP3, kwa kuwa kila ukilibana upya ubora unazidi kupungua. WAV usiifute mpaka uwe umeisikiliza MP3 yote kwa hedifoni.