Kabla ya kumhamisha mzee mwenye demensia: mambo ya kuzingatia kwa familia za Tanga

Uamuzi wa kumhamisha mzee mwenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, iwe kwa mwanaye Chumbageni au kwenye nyumba ya kulelea wazee, mara nyingi hufanyika katika wiki mbaya: jiko limesahauliwa likiwaka, mzee katoka Ngamiani kakutwa Pongwe, usiku hakulaliki. Wiki hiyo haifai kuamulia jambo zito. Mzee akibadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, huenda kuna kitu kingine juu ya demensia: uambukizo wa mkojo, malaria, choo kigumu, upungufu wa maji, au damu iliyovujia ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Mpelekeni kwanza Bombo au hospitali iliyo karibu. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za kununua dukani. Piriton ya mafua, diazepam ya usingizi na amitriptyline ya ganzi za miguu zote zinaweza kumvuruga akili mtu mzima, na wengi huzimeza miaka na miaka bila mtu kuuliza kama bado zinahitajika.

Ikishathibitika ni demensia yenyewe, anayeulizwa anataka nini ni yeye. Kutojua leo ni Jumatano si kushindwa kuchagua. Mtu anaweza kupotewa kabisa na hesabu za kodi ya nyumba na bado akajua fika kwamba hataki kulala chumba kimoja na mgeni. Muulizeni asubuhi, akiwa ameshakula, mahali patulivu, jambo moja moja, na mumpe muda wa kujibu. Rudieni siku nyingine. Jibu linalojirudia lina uzito. Mambo ya nyumba, minazi na pensheni yanataka wakili mapema, mzee angali anaelewa anachotia saini. Wanaochelewa huishia kwenye hati za dole gumba zinazowapeleka watoto mahakamani baada ya mazishi. Na anayetuma pesa kutoka Dar asigeuke msemaji wa kila kitu. Anayemwogesha kila siku anajua zaidi.

Makazi ya wazee ya serikali, kama ya Mwanzange, ni hasa kwa wasio na ndugu wa kuwatunza. Kama mnafikiria nyumba nyingine ya kulelea, nendeni mara mbili bila kutoa taarifa: asubuhi saa ya kuoga, na magharibi, kwa sababu jioni ndipo wengi wenye demensia huhangaika na ndipo zamu hupungua watu. Ulizeni usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, na moto ukitokea funguo za geti anazo nani. Tazameni kama kikombe cha maji kiko karibu na mkono wa mzee au juu ya kabati. Sikilizeni kama mhudumu anasema "Shikamoo bibi" na kusubiri marahaba, au anamsemea pembeni kama hayupo: "huyu ameshakula."

Kisha ulizeni anayezungukazunguka wanamfanyaje. Jibu likiwa ni kumfunga kanga kitini, kumfungia chumbani au kumpa kidonge alale, tafuteni kwingine. Anayefungwa huisha nguvu za miguu haraka, hupata vidonda makalioni, na akijinasua huanguka vibaya zaidi. Vyuma vya pembeni mwa kitanda vina kasoro hiyo hiyo: huvipanda, akaanguka kutoka juu zaidi. Afadhali kitanda kifupi na godoro jembamba sakafuni kando yake. Dawa za kutuliza akili kama haloperidol huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee hawa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo la vifo mwaka 2005 kwa dawa mpya za kundi hilo, na 2008 kwa zile za zamani. Zina mahali pake, mzee anapokuwa hatari kwake au kwa wengine, kwa dozi ndogo na muda mfupi, daktari akizipitia upya. Si za kuziba upungufu wa wahudumu. Kabla yake, tafuteni maumivu: jino, goti, kidonda kisichoonekana. Utafiti wa Norwei wa 2011, uliowahusu wakazi 352 wa nyumba za wazee, ulionyesha kwamba kutibu maumivu kwa mpangilio, wengi wao kwa paracetamol, kulipunguza fujo na makelele.

Kuficha dawa ndani ya uji pia kuamuliwe na daktari na familia, si jikoni. Kuna vidonge visivyofaa kusagwa, na mzee akishaonja uchungu ataukataa na uji wenyewe.

Akibaki nyumbani, nyumba ya Kiswahili inasaidia sana. Ukumbi ulionyooka toka barazani hadi uani ni njia tosha ya kutembea, na barazani anaona watu na kuamkiwa. Cha kurekebisha ni vizingiti, ambavyo vipakwe rangi inayoonekana. Kisima, ambacho kifunikwe na kufungwa. Na choo cha uani, ambacho taa yake iwake usiku kucha na mlango ubaki wazi ili akione anapokitafuta. Sakafu iliyong'arishwa huonekana kama maji kwa macho yake, naye husita kukanyaga.

Kuoga ndiko ugomvi mwingi huanzia. Mwanamke aliyejistiri maisha yake yote asiogeshwe na kijana wa kiume. Akirusha ngumi, anailinda heshima yake. Aogeshwe na mwanamke, kanga ikiwa imemfunika, sehemu moja ikioshwa na kukaushwa kabla ya nyingine, maji yakiwa ya uvuguvugu. Akikataa, rudini baada ya nusu saa. Swala mwacheni aswali anavyoweza. Rakaa zikizidi au zikipungua msimsahihishe mbele za watu. Suala la kufunga lizungumzwe na sheikh na daktari kabla ya Ramadhani, lisije likagombaniwa mchana wa mwezi wenyewe huku mzee ana kiu na kisukari.

Lugha nayo husahaulika kwa wahudumu wengi. Mzee aliyekulia Kidigo, Kisambaa au Kibondei anaweza kupoteza Kiswahili kwanza na kurudia lugha ya utotoni. Mhudumu asiyeijua ataandika kwamba "haongei tena." Maneno kumi yaandikwe ukutani: maji, choo, inauma, baridi, njaa na mengineyo.

Akimuulizia mumewe aliyekwishafariki, kumwambia kila mara kwamba amekufa ni kumfisha upya kila siku. Kumdanganya kwamba yuko njiani nako humfanya angoje mlangoni hadi usiku. Mwambieni, "Unamkumbuka sana, hebu nihadithie." Muhimu ni wote nyumbani wakubaliane jibu moja.

Majirani na balozi waambieni mapema kwamba ni ugonjwa wa ubongo. Bibi anayezurura usiku akinong'ona peke yake huitwa mchawi upesi, na neno hilo limewagharimu wazee wengi maisha.

Chakula: akae wima, kijiko kidogo, ameze kwanza kabla ya kingine, na asilazwe kwa nusu saa baada ya kula. Kikohozi cha kila mlo ni dalili kwamba chakula kinaingia njia ya hewa, mwoneni daktari. Maji mepesi ndiyo humpalia zaidi, uji mzito kidogo hupita vizuri. Bokoboko linafaa, kibua na miba yake hapana. Lengo ni vikombe sita hadi vinane vya vinywaji kwa siku, isipokuwa daktari amezuia kwa sababu ya moyo au figo.

Mwishoni kabisa hula kidogo sana, hata mkilisha kwa upendo wote. Mpira wa kulishia tumboni haujaonekana kurefusha maisha katika hatua hiyo, na wengi huung'oa, kisha hufungwa mikono. Kulisha taratibu kwa mkono, kadiri anavyotaka, ndiko kunakopendekezwa. Zungumzeni hilo sasa na mliandike kwenye karatasi moja pamoja na jina analopenda kuitwa, kazi aliyofanya, dawa zisizomfaa, na namba za ndugu wawili wa kupigiwa usiku.