SOMO: Umeajiriwa kwenye ofisi ndogo ya usanifu majengo? Soma hili kabla hujaniandikia inbox

Wakuu, kila vijana wa Chuo Kikuu Ardhi wanapomaliza napata maswali yale yale. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nazungumzia zile ofisi za watu wachache hapa Dar, ambako bosi ndiye msanifu, ndiye anayekaa na mteja, na ndiye anayefuatilia kibali halmashauri. Hakuna idara ya kukufundisha. Mchoro unaoufunga leo jioni, kesho kutwa kuna mtu anachimba msingi kwa kuufuata, na wewe hutakuwepo kumsahihisha. Kazi yako ya mwaka wa kwanza ni kuhakikisha kinachotoka ofisini kinaaminika. Ubunifu utakuja.

Hatua ya 1. Jifunze ofisi inavyopanga mafolda na kuyapa mafaili majina, ufuate hivyo hivyo.

Hatua ya 2. Daftari na kalamu, kila kikao.

Hatua ya 3. Kupima jengo lililopo. Hii mara nyingi ndiyo kazi ya kwanza ya kijana mpya: mteja anataka kuongeza vyumba, ramani ya zamani haipo. Chora plani nzima (jengo linavyoonekana kutoka juu) kwa mkono kwanza, ndipo utoe tepu. Tepu ianzie kona moja, usome mlango, dirisha, mpaka kona ya mwisho bila kuinyanyua, kwa sababu ukipima kipande kipande makosa madogo yanajumlishana. Kisha pima mishazari ya chumba, yaani kona hadi kona ya mkabala, yote miwili. Chumba cha mita 4 kwa 3 mshazari wake ni mita 5. Ukipata 4.92 huku na 5.08 kule, kuta hazijakaa pembe mraba, na usizinyooshe kwenye kompyuta ili mchoro upendeze. Unene wa ukuta upime kwenye uwazi wa mlango. Tofali la inchi 6 ni kama milimita 150, lakini lipu ya pande mbili nayo inahesabika.

Hatua ya 4. Marekebisho ya michoro. Hapa someni taratibu.

Mchoro ukishatoka nje ya ofisi, huo umeshakuwa na maisha yake. Ukibadilisha kitu, hata mlango mmoja, unapewa herufi mpya (A, B, C), tarehe mpya, na maelezo ya kilichobadilika kwenye kona ya shiti. Sehemu iliyobadilika unaizungushia wingu, yaani mstari wa mawimbi. Kisha unahakikisha ule wa zamani umeondoka saiti. Wengi wanafanya yote isipokuwa hilo la mwisho. Niliona nyumba ya ghorofa moja ambayo mteja aliomba sakafu ya juu ipandishwe, kutoka mita 3.0 hadi 3.3. Ngazi ilikuwa na vipandio 20 vya milimita 150, ikawa 22. Michoro mipya ilitumwa, lakini nakala ya zamani ilibaki imebanwa ukutani stoo. Foromani alifuata iliyokuwa ukutani. Zege lilipokauka ngazi iliishia milimita 300 chini ya sakafu. Ikavunjwa yote, nondo zikakatwa, na lawama zikaanza kuzunguka kati ya ofisi, mkandarasi na mteja.

Kwa hiyo:
Usitume PDF kwenye kundi la WhatsApp ukahesabu umekabidhi. Peleka nakala, mpokeaji asaini daftari la dispachi: namba ya mchoro, herufi, tarehe.
Siku hiyo hiyo chukua nakala za zamani. Ukishindwa kuzichukua, ziandike IMEFUTWA kwa kalamu nyekundu, kubwa, katikati ya shiti.
Usibadilishe chochote bila kubadilisha herufi, hata bosi akisema ni kitu kidogo. Mwombe kwa heshima, mweleze kwa nini.
Ukigusa plani, fungua sekshen (jengo likiwa limekatwa wima), elevesheni (sura ya nje ya kila upande) na orodha ya milango na madirisha papo hapo. Urefu wa sakafu ukibadilika, ngazi imebadilika, na mchoro wa mhandisi umebadilika. Mpigie.

Hatua ya 5. Kuprinti. Shiti ya A1 ikiprintiwa A3, kila urefu unakuwa nusu: kilichokuwa skeli ya 1:50 (sentimita 1 ya karatasi ni 50 za jengo) sasa ni 1:100. Fundi akiweka rula anapotea. Andika vipimo vyote kwa namba, na weka mstari wa skeli uliochorwa, maana huo unapungua pamoja na mchoro.

Hatua ya 6. Saiti: kofia ngumu, buti, na usiondoke bila picha.

Hatua ya 7. Bodi. Kuhitimu hakukufanyi msanifu aliyesajiliwa. Unahitaji mafunzo ya vitendo chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, kisha mitihani ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB). Uliza utaratibu wao wiki ya kwanza. Kila mwisho wa wiki andika ulichofanya, msimamizi asaini. Ukisubiri mwaka uishe, hutakumbuka na yeye hatakumbuka.

MASWALI

Kijana_Ubungo: Mkuu somo zuri ila ni refu, sijamaliza. Kwa kifupi nijifunze programu gani, AutoCAD, ArchiCAD au Revit?

Jibu: Inayotumika ofisini kwako. Malizia kusoma.

mama_wa_plani: Shukrani kaka. Bosi wangu anatoa mabadiliko kwa simu akiwa barabarani. Nikimwomba aandike anaona simwamini. Nifanyeje?

Jibu: Swali zuri sana dada. Usimwombe aandike, andika wewe. Akikata simu mtumie ujumbe: "Bosi, nimeelewa hivi: dirisha la jiko kutoka 1200 kwenda 1500, lenta (boriti ya juu ya dirisha) ibaki palepale. Naendelea." Akinyamaza una rekodi, akisahihisha umeokoa siku nzima. Bosi mwenye miradi mingi atakushukuru, kwa sababu na yeye anasahau.

Jobless_msomi: Mshahara wao shilingi ngapi?

Jibu: Inategemea ofisi. Dai mkataba wa maandishi.

Tozi_Mbezi: Kuna jamaa kaniomba nimchoree nyumba usiku, halafu nitumie shiti ya ofisi ili ipite halmashauri haraka. Kuna ubaya? Kila mtu anafanya.

Jibu: Upo, na mkubwa. Shiti ile ina jina la bosi, na muhuri ni wa mtu aliyesajiliwa. Jengo likipata ufa ataulizwa yeye kuhusu kitu ambacho hajawahi kukiona. "Kila mtu anafanya" si jibu utakalolitoa mbele ya Bodi. Hili silijadili zaidi.

Neema_chora: Mimi ni binti, mwezi wa pili kazini. Mafundi hawanisikilizi nikienda saiti.

Jibu: Pole dada, na usikate tamaa. Kwanza, usimwelekeze fundi mmoja mmoja. Maelekezo yanapita kwa foromani, yanaandikwa kwenye kitabu cha maelekezo ya saiti, anasaini. Pili, salamu. Foromani aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake, kisha fungua mchoro na uulize yeye angefanyaje. Ukikosa jibu sema utarudi nalo kesho, na kesho urudi nalo kweli. Akikudharau waziwazi, mwambie bosi. Hilo ni lake kulimaliza.

fundi_wa_Kigamboni: Naongezea kutoka upande wetu. Michoro ipelekeni ndani ya nailoni. Mvua ya masika ikiipiga namba hazisomeki, na hapo ndipo tunaanza kukisia. Na andikeni namba kubwa, mwanga wa stoo ni hafifu.

Jibu: Asante sana fundi. Wote chukueni hiyo.

Neema_chora: Asante kaka. Swali la pembeni: vyumba vya kulala Dar tuvielekeze wapi?

Jibu: Nalipenda hili. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mchana jua liko juu sana, paa lenye ukingo mrefu linalikinga. Linalotesa ni la magharibi: jioni linashuka chini, linapita chini ya ukingo na kupasha ukuta ambao utalala nao usiku kucha. Upande huo weka stoo, choo, ngazi. Upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini. Kuhusu upepo, kusi hutoka kusini mashariki na kaskazi hutoka kaskazini mashariki, hivyo chumba kikipata madirisha kwenye kuta mbili kinapitisha hewa misimu yote miwili. Ukipata nafasi, nenda Kariakoo ukalitazame soko alilolisanifu Beda Amuli miaka ya 1970, simama chini ya ile miavuli ya zege uangalie kivuli na hewa vinavyokwenda. Beba daftari, uchore sekshen.